Maji Aliyonichemshia Binti Yangu

Nilijifungua mtoto wangu wa pili mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha huku kwetu Matiri, na kwa wiki nzima kila aliyekuja alisema nimejifungua salama. Ni kweli. Sikuchanwa, sikuongezewa damu, na mtoto alilia mara tu alipotoka. Wa kiume. Mama mkwe alileta kuku na unga wa ulezi. Wanawake wa jumuiya walikuja na kanga na sabuni, wakaimba, wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka. Kila aliyeingia chumbani alimbeba mtoto, akakisia uzito wake, akasema amefanana na babu yake. Mimi nilitazamwa kidogo tu, kama kikapu kilichobeba zawadi.

Ugonjwa wangu ulianza kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Sketi ya buluu ya shule ya msingi naweza kuikata huku naongea na mtu. Siku moja, mtoto akiwa na wiki ya tano, nilitandika kitambaa mezani, nikashika mkasi, nikashindwa kujua nianzie upande gani. Nilisimama pale mpaka mkono ukauma. Kisha nikakikunja kitambaa, nikaenda kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Baada ya hapo sikuwa mtu wa kuelezeka. Usingizi haukuja hata mtoto alipolala. Chakula kilikuwa kama udongo. Nilikuwa naweza kukaa kitandani nikitazama misumari ya bati, mtoto analia pembeni, na nikamsikia kama vile analia nyumba ya jirani. Mtu akiniuliza una nini, sikuwa na jibu. Siumwi kichwa, sina homa, sijagombana na mtu. Jibu langu lilikuwa "nimechoka," na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu huku kila mtu amechoka.

"Mimi nilizaa tisa," mama mkwe alisema, akiwa amesimama mlangoni na jembe begani. "Siku ya saba niko kwenye mashimo ya ngoro napanda maharage."

Nilivuta kanga nikajifunika.

"Lakini ninyi watu wa ziwani," akaendelea, "mmezoea kukaa mchangani kungoja samaki."

Mimi ni mzaliwa wa ziwani, upande wa kusini wa Lituhi. Nililetwa huku milimani kwa ndoa, nikaacha Uanglikana wa kwetu nikawa Mkatoliki, nikajifunza kupanda kahawa, kuichuma, kuimenya, kuisafisha na kuianika. Miaka kumi. Hayo yote siku ile yalifutika kwa maneno ya mtu mwenye jembe begani.

Mume wangu hakuwa mkali. Watu wakinisikiliza leo hudhani nitasimulia habari za kipigo. Hapana. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa mtu asiyetaka kusumbuliwa. Aliingia jioni, akaniuliza, "Mama watoto, umeshindaje?" Nikajibu, "Salama." Akaridhika. Msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia, miti ilikuwa imebeba vizuri mwaka ule, na mawazo yake yalikuwa huko.

Aliyebaki na mimi ni binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu.

Yule mtoto alikuwa hajui kutembea. Ukimtuma chumvi dukani, anakimbia. Ukimwita kula, anakuja mbio na kusimama kwa kuteleza. Milima yetu hii inayowatoa watu wazima pumzi, yeye aliipanda huku anaimba. Mwalimu wake wa michezo alimwingiza kwenye mbio za mita mia nane pamoja na wasichana wa darasa la sita, na aliwaacha. Alifurahi siku ile mpaka akashindwa kula. Hiyo ilikuwa kabla mdogo wake hajazaliwa.

Kuna jambo lazima niliseme hapa. Mwaka uliotangulia, binti yangu aliugua homa ya matumbo. Alilazwa siku sita, akakonda nikamwogopa. Alipopona, niliweka sheria nyumbani: hakuna mtu kunywa maji ambayo hayajachemshwa. Kila jioni nilijaza sufuria kubwa, nikachemsha mpaka yakatokota vizuri, nikayaacha yapoe, nikayamimina kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Siku moja nilimkuta anakunywa kwa mikono kwenye chemchemi baada ya kukimbizana na wenzake. Nilimchapa mbele yao. Nilimwambia, "Nikikukuta tena unakunywa maji mabichi, utanitambua." Sikuwa na mazoea ya kumpiga, kwa hiyo alikumbuka.

Basi mimi nilipolala, sufuria kubwa haikuwekwa tena motoni, na sikujua. Nikikiona kikombe kando ya kitanda, nakunywa. Sikujiuliza kimetoka wapi. Nepi zilikuwa safi, uji ulikuwepo, mtoto alikuwa ameogeshwa. Wakati mwingine niliamka kutoka kwenye kile nisichoweza kukiita usingizi nikamkuta binti yangu amekaa chini amempakata mdogo wake, anamsomea kitabu cha darasa la tatu kwa sauti ndogo.

Mwezi wa sita huku kwetu ni baridi. Asubuhi ukungu unakaa mabondeni mpaka saa nne, na watu wanakwenda kuchuma kahawa wamejifunga mablanketi. Hakuna mtu anayesikia kiu. Mtoto anaweza kukimbia siku nzima asione hata tone la jasho, kwa sababu upepo unalikausha kabla halijashuka. Ziwani mtoto anajua ana kiu kwa sababu jua linamwambia. Huku hakuna wa kumwambia.

Mashindano ya shule yalifanyika kijiji cha pili, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Asubuhi hiyo aliingia chumbani akiwa amevaa kaptula ya michezo, sweta juu.

"Mama, leo ndiyo mbio."

"Haya."

Akaweka kikombe kwenye stuli. "Kunywa, mama. Nesi wa kliniki alisema anayenyonyesha anywe maji mengi."

"Nitakunywa."

Alisimama kidogo. Nadhani alikuwa anangoja nimwambie neno jingine, nimtakie heri, nimwambie awashinde. Nilikuwa na nguvu ya kuliona hilo, ila sikuwa na nguvu ya kufungua mdomo. Akaondoka. Nilisikia miguu yake ikikimbia kushuka njia ya migombani.

Saa tisa alasiri mwalimu wa michezo alikuja na bodaboda. Alisimama mbele ya nyumba bila kushuka.

"Mama, usiogope. Mtoto ameanguka uwanjani. Tumempeleka zahanati."

Nilimfunga mdogo mgongoni nikapanda. Njia nzima mwalimu alikuwa ananieleza kwa kupaza sauti. Alikuwa anaongoza, zikiwa zimebaki kama mita mia, akaanza kuyumba kama mlevi, akatoka kwenye njia, akaanguka kifudifudi. Walipomgeuza alikuwa hamjui mtu.

Zahanati nilimkuta amerudiwa na fahamu, amelala kwenye kitanda cha chuma. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na macho yameingia ndani. Niliitazama ile midomo nikajua haikupasuka siku moja. Ilikuwa midomo ya siku nyingi, na mimi naishi naye nyumba moja. Nesi alikuwa mwanamke wa rika langu. Aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachia, akaitazama inavyorudi polepole. Alikuwa amekoroga unga wa ORS kwenye jagi na anamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, kila akimeza anangoja kabla ya kumpa tena.

"Leo umekunywa maji saa ngapi?" nesi alimuuliza.

Binti yangu akanitazama. "Asubuhi. Mama alinipa."

"Kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Na jana?"

"Mama alinipa."

"Ukikojoa, mkojo wako una rangi gani?"

Akafikiri. "Kama chai."

"Ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi."

Nesi aliendelea na kijiko chake. Mimi nilisimama ukutani, nasikia mtoto wa miaka tisa akidanganya kwa ajili yangu, na sikumkanusha.

Aliyekanusha ni mama mkwe. Yeye na mume wangu walikuwa wameletewa habari shambani na sasa walikuwa mlangoni, vidole vyao vimegandwa na utomvu wa kahawa.

"Mama gani huyo aliyempa maji?" mama mkwe alisema. "Mama yake hajashika hata ufagio tangu Pasaka. Mtoto ndiye anayechota, ndiye anayepika, ndiye anayefua nepi. Mnataka nesi adanganywe?"

"Bibi, usiseme," binti yangu akasema, na ndipo akaanza kulia. Alilia bila machozi. Nesi alimwambia anyamaze, asipoteze nguvu.

Kisha, kijiko kwa kijiko, ukweli ukatoka. Sufuria kubwa ikijaa hakuweza kuiinua motoni, kwa hiyo alikuwa anachemsha kwenye ile ndogo ya chai. Alichemsha alfajiri kabla ya shule. Maji ya sufuria ile yalitosha vikombe vitatu au vinne. Viwili vya mama, kwa sababu mama ananyonyesha. Kimoja cha baba kwenda nacho shambani. Kilichobaki ndicho chake, na siku nyingine hakikubaki. Shuleni alikunywa uji, basi.

"Sasa maji yako ndoo nzima pale jikoni," baba yake akasema, na sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli. "Si ungekunywa yale?"

"Hayajachemshwa," akasema. "Mama alikataza."

Mume wangu alitazama mikono yake. Mtoto alikuwa amebeba ndoo mbili za maji kichwani kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi miwili, na hakuyanywa.

Nesi aliwaomba watoke nje. Alimchukua mdogo mgongoni mwangu, akamweka kwenye kitanda cha pili, akanivutia kiti.

"Na wewe, mama, hali yako?"

"Nzuri."

"Sijakusalimia. Nauliza hali yako."

Nilijaribu kusema nimechoka. Neno halikutoka.

"Unalala?"

"Hapana."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Mtoto akilia unasikiaje?"

Nikamwambia nasikia kama analia mtoto wa jirani. Hakushtuka. Akauliza kama nimewahi kufikiri kumdhuru mtoto. Nilijibu haraka kwamba hapana, na ilikuwa kweli. Akauliza kama nimewahi kufikiri kujidhuru mwenyewe. Hapo nilinyamaza, na yeye hakunisukuma. Alingoja, huku anamnywesha binti yangu, ambaye alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala. Mpaka leo najua hakuwa amelala.

Nesi aliniambia ule ni ugonjwa, kwamba huwapata wanawake baada ya kuzaa, na kwamba una matibabu. Si uvivu, si kurogwa, na wala sikuuleta mimi. Aliandika barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Nilikuwa na miezi mitatu nimezungukwa na watu wanaonipenda na wasionipenda, na mtu wa kwanza kuniuliza swali la kweli alikuwa mgeni aliyekuja kazini kutoka mkoa mwingine.

Alimwita mume wangu, akamweleza yote tena, taratibu. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Aliitikia vizuri, kwa heshima. Namjua mume wangu. Bwana shamba akija kumwambia kahawa yake imeingiwa na ugonjwa wa chulebuni, anatafuta dawa siku hiyohiyo, hata kwa kukopa pampu ya jirani. Habari zangu alizisikiliza, akamshukuru nesi, akatoka nje kutafuta usafiri wa kuturudisha nyumbani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walikaa kikao. Wazee wa upande wa mume wangu, mama mkwe, na mjomba wangu kwa simu kutoka ziwani, sauti yake ikikatikakatika. Mimi nilikaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Walizungumza juu yangu kwa upole, kama watu wanaopanga mahali pa kuweka mzigo. Mmoja alisema ni mapepo. Mwingine alisema niombewe. Mwisho waliamua niende kwa mama yangu ziwani, na mtoto mchanga, mpaka nitakapopata nguvu.

"Na mkubwa?" mjomba aliuliza kwenye simu. "Si aje naye?"

"Shule je?" mume wangu akasema.

"Na huyu baba yake nani atampikia?" mama mkwe akaongeza. "Mimi magoti haya hayanipandishi kila siku mpaka huku."

Wote waliona hilo ni jambo la busara. Mtoto aliyetoka kuanguka kwa kutunza nyumba aliachiwa nyumba. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa na mdomo. Ningesema, "Siondoki bila mwanangu," nadhani wangenikubalia, kwa sababu hawakuwa watu wakatili. Sikusema. Nitaandika na sababu, maana nimeificha miaka mingi: nilifurahi kuondoka. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna anayenitazama kwa macho ya binti yangu.

Alinisindikiza mpaka barabarani, mdogo wake mgongoni. Gari la kwenda Kitai liliposimama, alimfungua akanikabidhi.

"Anapenda kulalia upande wa kushoto," akaniambia. "Na ukimwogesha, anza na miguu. Ukianza na kichwa analia."

Nilimwambia, "Sawa." Nilipanda. Pale Kitai nilibadilisha gari, nikapata la Lituhi, nikakaa dirishani na mtoto wangu ambaye tabia zake nilikuwa nimeelezwa na dada yake.

Ziwani nilikaa miezi mitano. Mama yangu alinipeleka hospitali ya wilaya na barua ile, nikapewa vidonge na miadi, na yeye ndiye aliyenisimamia nivimeze. Alinilazimisha kuoga ziwani kila asubuhi. Baada ya wiki kadhaa alinipa kisu na rundo la mihogo nimenye, bila kuniuliza kama naweza. Nilimenya. Sikupona siku moja. Kwanza usingizi ulirudi, saa mbili, saa tatu. Kisha siku moja nilisikia harufu ya dagaa wanaokaangwa nikatamani kula. Siku nyingine mtoto alilia, na alikuwa analia mtoto wangu.

Mama yangu alikuwa analea pia watoto wa kaka zangu, wanne, wasiojua kutulia. Walishinda mchangani wanapiga mpira wa makaratasi, wanakimbizana, wanarukaruka majini, wanatoka, wanakimbizana tena. Na mama yangu, mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne, kila baada ya muda alitoka na jagi na kikombe akasimama katikati ya mchezo wao.

"Njooni mnywe."

"Bibi, hatuna kiu!"

"Sikuwauliza kiu. Nimesema mnywe."

Hakumruhusu hata mmoja kurudi mchezoni mpaka amemaliza kikombe. Walikunywa kwa pupa, maji yanawachuruzika kifuani, wakacheka, wakakimbia. Haikuchukua hata dakika tano. Mara ya kwanza kuliona hilo niliingia ndani nikafunga mlango.

Siku moja tukiwa tunaanika mihogo, nilimweleza mama yangu yote. Yale ya misumari ya bati, yale niliyomnyamazia nesi. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza, akasema, "Mimi pia ilinikuta. Nilipokuzaa wewe. Nilikaa mpaka masika yakaisha, natazama ukuta tu."

Niliacha kuanika. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Uogope kuzaa?"

"Ningejua ni kitu gani, mama. Kilipokuja ningejua."

Aligeuza vipande vya mihogo, kimoja kimoja. "Mimi hakuna aliyeniambia," akasema, "na nilipita."

Alisema hivyo kama mtu anayefunga hesabu. Nilimpenda mama yangu, na amenisaidia kuliko mtu yeyote, lakini jibu lile sikuwahi kulisamehe. Alipita. Mimi nilipita. Katikati yetu kuna mtoto aliyelazwa kwenye kitanda cha chuma, ambaye angeweza asilale pale kama mwanamke mmoja angefungua mdomo.

Nilirudi Matiri mvua za kwanza zilipoanza. Nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyokuwa naiweka mimi. Binti yangu alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Alikuja, akanikumbatia kwa adabu, akampokea mdogo wake, akamtazama kama amekua. Niliingia jikoni nikainua sufuria niweke maji motoni. Alinifuata upesi.

"Acha, mama, nitafanya mimi. Wewe pumzika."

"Nimepona."

"Ndiyo. Pumzika tu."

Nilidhani ni suala la wiki mbili tatu. Niliamka kabla yake ili nichote maji nikakuta ndoo zimejaa. Nilipika, naye akaja nyuma yangu kuonja chumvi. Nilipokaa kimya kidogo kwa sababu tu nawaza, nilimwona amesimama mlangoni ananikagua. Alikuwa anatafuta dalili. Nilimwambia mara nyingi kwamba yeye ni mtoto na mimi ndiye mama. Aliitikia, "Ndiyo, mama," kisha akaenda kuangalia kama nimemaliza uji wangu.

Mbio aliacha. Mwalimu wa michezo alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza. Mara ya pili mimi mwenyewe nilimshawishi, nikamwonyesha chupa niliyomnunulia yenye kamba ya kuning'iniza shingoni, nikamwahidi nitakwenda uwanjani kumtazama.

"Sipendi tena," akasema.

"Kwa nini?"

"Nikikimbia nakuwa mbali na nyumbani."

Hakukimbia tena, hata kwa kucheza. Ukimtuma dukani alikwenda anatembea.

Mume wangu hupenda kusimulia wageni kwamba mkewe aliwahi kupumzika ziwani miezi mitano, na watu hucheka, na yeye hucheka. Haniumizi makusudi; kwake mambo yaliisha vizuri. Mama mkwe kabla hajafariki alinisifia kwa majirani kwamba nimelea msichana wa mfano, anayejituma bila kuambiwa. Nilipokea sifa hiyo mbele za watu. Ningefanya nini?

Sasa binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwezi uliopita nilikwenda siku ya kutembelea wanafunzi. Uwanja ulikuwa umejaa akina mama na mabinti zao. Wasichana walikuwa wanalalamika: maharage yana wadudu, fulani ameniibia ndoo, hesabu ni ngumu, nataka kurudi nyumbani. Mmoja mkubwa kabisa alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake analia kwa sababu ambayo hata mama yake hakuielewa. Niliwaonea wivu.

Wa kwangu alikaa wima kwenye benchi, mikono magotini. Akaniuliza habari za shamba, za baba, za mdogo wake na masomo yake.

"Unalala vizuri, mama?"

"Nalala. Nieleze habari zako wewe. Kuna kitu kinachokusumbua?"

Alifikiri, kama mtu anayetaka kumridhisha mgeni. "Hakuna, mama. Niko salama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilipokuwa natoka, matroni alinisimamisha getini. Aliniuliza kama mtoto amepata nafuu ya malaria. Nikamuuliza malaria gani. Akashangaa. Alisema binti yangu alikuwa amelala bwenini siku nne wiki mbili zilizopita, homa kali, hawezi hata kula, na walipotaka kunipigia simu aliwashika mkono akawaomba sana wasinipigie.

"Alisema mama yake hatakiwi kusumbuliwa," matroni akaniambia. "Tukadhani labda wewe ni mgonjwa."

"Mimi ni mzima," nilimjibu.

Nilitaka kurudi ndani, lakini kengele ya kumaliza muda wa wageni ilikuwa imeshagongwa na wasichana walikuwa wanaelekea madarasani. Nilimwona wa kwangu kwa mbali, katikati ya wenzake, amebeba begi la msichana mwingine juu ya lake.